Mke wangu anasubiri msingi, mimi nasubiri dari ya watu ianguke

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, na kama umri wako ni mdogo kuliko wangu niwie radhi, mtu aliyebanwa haangalii umri. Naomba unishike mkono kabla sijarukwa na akili, maana mimi ni fundi mwashi, nimewajengea watu kwa miaka ishirini na mbili, na leo nimeshindwa kuchimba hata futi moja ya msingi wa nyumba yangu mwenyewe, na mke wangu ameanza kuamini kwamba nina mwanamke mwingine.

Tunaishi vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka, mimi, mke wangu na binti zetu wawili, pamoja na vyombo ambavyo mke wangu alivifunga kwenye magazeti akavitia ndani ya maboksi tangu miezi miwili iliyopita, kwa sababu nilimwambia tunaanza kujenga mwezi ule, kwa hiyo sasa tunakula watu wanne kwa sahani mbili zilizobaki nje, na nikimwambia afungue nyingine anasema hafungui kitu, zitafunguliwa kwetu. Kiwanja tunacho, ramani tunayo, matofali yamepangwa na kufunikwa, na mafundi wenzangu wawili waliokubali kunisaidia wananiuliza kila siku tunaanza lini. Jumapili tunakwenda kiwanjani wote. Binti yetu mdogo amechora vyumba vyote chini kwa kijiti akifuata ramani, na ukitaka kuingia kwake lazima upige hodi hewani, nami napiga, naingia, halafu najikuta nimeinua macho kuangalia juu, mshauri, mahali ambapo hakuna kitu ila mawingu, halafu natafuta pa kukaa. Mtoto anacheka, anadhani naigiza.

Visingizio vimeniishia. Nilisema mvua, mvua ikakatika, nikasema mchanga una udongo mwingi, ukaletwa mwingine msafi, nikasema mgongo. Juzi mke wangu aliweka sufuria chini akanitazama akasema, "Baba, hebu niambie, huo mgongo unakuuma kwetu tu? Maana jana umepandisha ukuta wa watu mpaka juu ya madirisha." Akasema, "Kama kuna mwingine unayemjengea, sema, nifungue sahani zangu." Alisema taratibu, na mke wangu akisema jambo taratibu ujue mambo yameharibika.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Mwanzoni mwa mwaka huu nilimjengea mama mmoja mshonaji nyumba ya vyumba vitatu, na chumba cha mbele akataka kiwe na dari ya zege, ili juu yake likae tangi la maji na baadaye akijaliwa apandishe chumba kingine. Zege nililimwaga vizuri, nondo nilizipanga mwenyewe, kipimo sikupunja, naapa. Zege likiwa bichi hushikiliwa kwa chini na miti, na mtu yeyote wa kazi hii anajua miti ile haiondolewi kabla ya wiki tatu, mimi mwenyewe nimewahi kumfukuza mtu kazini kwa kosa hilo. Basi siku ya tisa likapita lori la jamaa yangu, tupu, linaelekea upande wa kiwanja chetu, akaniuliza kama nina cha kupeleka. Miti ile ni mali yangu, ndiyo ambayo ningeitumia kwangu, na asubuhi hiyohiyo mke wangu alikuwa ameniuliza mbona kiwanjani hakuna dalili yoyote kwamba kuna watu wanajenga. Nikaligonga zege kwa nyundo, likalia vizuri, nikajiambia limeshika, nikaitoa miti yote nikapakia. Jioni mke wangu alipoikuta kiwanjani aliigusa mmoja mmoja kama anayewapa wageni mkono, akafurahi, na mimi nikafurahi kwa kumwona amefurahi.

Baada ya wiki mbili mshonaji akanipigia simu, fundi njoo uone kuna ufa. Nikaenda. Ulianzia pembe ya dirisha ukaelekea kwenye balbu, mwembamba kama uzi, na yeye ameketi chini yake na cherehani yake, na mama yake mzazi, bibi ambaye miguu haimbebi tena, amelazwa kitandani kando ya ukuta kwa sababu chumba kile kina ubaridi mzuri. Mshonaji akaniuliza, "Fundi, hii si hatari?" Nikacheka, mshauri. Nilicheka kabisa. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni plasta inakauka, nyumba mpya zote ndivyo zinavyofanya," nikakoroga saruji kidogo, nikaziba, nikapaka chokaa juu yake, na bibi akaniombea dua kutoka kitandani, akasema mikono yangu ibarikiwe. Tangu siku ile mikono hii haitaki kushika jembe kwangu.

Nimerudi mara mbili nikijifanya nawasalimia. Mara ya kwanza ufa ulikuwa umetokeza tena juu ya chokaa. Mara ya pili nilingoja mshonaji aende kuniletea chai, nikapanda kwenye stuli nikaingiza penseli yangu ya kupimia, ikaingia ikasimama yenyewe, na bibi ananiangalia tu. Mshonaji aliporudi na chai alinikuta nimekaa, nikainywa, naye akanisimulia kwa furaha kwamba tangi limekwisha kupandishwa juu, la lita elfu mbili, na wiki ijayo watu wa mabomba wanakuja kuunganisha maji, ndoo basi tena.

Labda haitaanguka. Nimeona dari zenye nyufa mbaya kuliko ile zikisimama miaka na miaka. Lakini nikitaka kumwambia naona mambo yote kwa pamoja, naona polisi, naona mji mzima unaonisifu kwamba kuta zangu hazijawahi kupinda ukinigeuka, namwona mke wangu akijua ile miti aliyoifurahia ilitoka wapi. Na nikitaka kuanza kujenga, nashindwa, siwezi kuwalaza wanangu chini ya dari iliyoshikiliwa na miti ileile. Simu ikilia naogopa, isipolia naogopa zaidi. Swali langu basi ni hili: nimwambie nini mke wangu ili avumilie miezi michache, mpaka nijue ile dari imekaaje?

Fundi mwenye hofu

*

Kaka yangu fundi,

Swali lako silijibu. Umeandika kurasa nne, mgongo umo, sahani zimo, mchanga umo, na tangi la lita elfu mbili umelichomeka karibu na mwisho, pamoja na chai. Lita elfu mbili za maji ni tani mbili. Wewe hulijui hilo? Unalijua kuliko mimi, ndiyo maana umeliandika haraka ukapita.

Halafu nimetazama tarehe. Barua yako imekaa njiani na kwenye sanduku letu kwa siku kumi na moja. Hiyo "wiki ijayo" ya watu wa mabomba, kwetu huku imeshapita. Nilipoona hivyo nikampigia simu injinia ninayemfahamu nikaanza kumsomea. Hakuniacha nifike katikati. Aliuliza jambo moja tu, tangi lina maji? Nikasema sijui. Akasema, "Dada, huyo mtu yuko wapi?" Hilo pia sijui, kwa sababu hukuweka jina, wala namba, wala mtaa. Umejificha vizuri, kaka yangu. Umejificha mpaka anayetaka kukusaidia hakupati.

Nakuonea huruma, na nasema kweli. Ningekuwa mimi ningeogopa vilevile, na mtu asiye na utu angekuwa amekwisha kuhamia kwake na anakoroma. Ila huruma yangu kwako imepanga foleni nyuma ya watu wawili, na mmoja wao hawezi kutembea. Kucheka kwako siku ile ndiko kulikowaweka pale mpaka leo. Kutoa miti mapema ni kosa la kazi, mafundi wanalifanya na kulisahihisha. Kumwambia mtu aliyeuliza waziwazi kama kuna hatari kwamba hakuna, ukapaka na chokaa, huko hakuna jina la kitaalamu. Ulimdanganya mtu aliyekuamini, na umemtembelea mara mbili ukaendelea kumdanganya huku unakunywa chai yake.

Sasa sikiliza. Hutampigia simu, utakwenda, na utakwenda sasa hivi, kazi ya leo iache hapo ilipofika. Ukifika usianze na habari za nyumbani. Sema, "Mama, tokeni nje, nilitoa miti mapema, dari si salama." Ni maneno machache, yakariri njiani ili woga usije ukayabadilisha mlangoni. Anayetoka kwanza ni bibi, na ni wewe utakayembeba. Kitanda, cherehani na vitambaa vya wateja vibaki humo humo, asirudi mtu kuchukua kitu. Kama tangi lina maji, asipande mtu juu, fungulieni bomba la nje maji yaishe yenyewe.

Hapo ndipo umwite injinia, na nasema injinia, si fundi mwenzako, wala si huyo jamaa wa lori. Usiingie wewe chini ya ile dari kwenda kusimamisha miti ukidhani unatubu, tutakuwa tumeongeza maiti bure. Akisema dari iegemezwe, yeye ndiye ataonyesha wapi na vipi, na miti unayo, itatoka kiwanjani kwako. Akisema ibomolewe, utaibomoa na kuimwaga upya, na safari hii utahesabu siku.

Umenitajia polisi. Sitakudanganya kama ulivyomdanganya mwenzako, inawezekana mama huyu akakushtaki, na ana haki hiyo. Ila fundi aliyekuja kusema dari ikiwa juu, na fundi aliyetafutwa dari ikiwa chini, hawaulizwi maswali sawa, na usiku hawalali sawa. Sifa zako za kuta zilizonyooka sizihitaji leo, na wewe pia huzihitaji.

Mkeo mwambie leo leo, ukitoka kule, hata kabla hujanawa. Mwambie hakuna mwanamke, kuna miti. Atakasirika, na atakasirika zaidi kwa kuwa ulimwacha akaifurahia, basi mwache akasirike, amengoja miezi miwili kwa sahani mbili, anastahili ukweli mmoja. Usimwombe avumilie. Mwambie nyumba yenu haitaanza mpaka ya mshonaji iwe salama, umpe na sababu, aamue mwenyewe la kufanya na maboksi yake. Ninavyomsoma kwenye barua yako, mwanamke huyo ataelewa haraka kuliko ulivyoogopa.

Nimemwomba mhariri safu hii isingoje siku yake ya kawaida. Amekubali, na ameiweka ukurasa wa mbele, kwa sababu kuna msomaji mwingine ninayemtaka kuliko huyu fundi.

Mama mshonaji, jina lako silijui, mtaa wako siujui. Kama mwaka huu umejengewa nyumba ya vyumba vitatu, na chumba cha mbele kina dari ya zege yenye tangi juu yake, na kuna ufa unaotoka pembe ya dirisha kwenda kwenye balbu, na fundi alicheka akakwambia ni plasta, basi barua hii ni yako. Jirani unayemfahamu mama huyu, usiniandikie, mgongee mlango. Na wewe mama, usimngoje fundi apate ujasiri, huenda hajaupata. Acha nguo kwenye mashine ilivyo, hata kama imebaki mshono mmoja. Mbebe mama yako, tokeni.