Koti la Baba Jukwaani

Jumatatu, 5 Januari
Mazoezi tangu asubuhi. Gari liligoma kuwaka kwa baridi, nikapanda basi. Tamthilia yangu inafunguliwa wiki hii na bado hatujapata koti la yule marehemu wa mchezo. Yote yananuka duka. Nikasema nyumbani lipo la marehemu Baba. Ulimi huu!

Jumanne, 6 Januari
Nimelichukua Mama akiswali. Yuko eda, hatoki nje ya nyumba yetu hapa Richfield, Marekani, na maonyesho yatakwisha kabla eda haijaisha. Hatajua. Tamthilia yenyewe ni yeye: mjane anayeligombeza koti la mumewe. "Umeniacha na theluji hii, mwanamume wewe!" Nilimsikia kupitia ukuta wa chumba chake, nikaandika. Sikumwomba ruhusa. Koti nalo sikuliomba.

Ijumaa, 9 Januari
Mama kauliza koti liko wapi. Nikasema kwa dobi.
"Dobi wa nini, mwanangu? Mimi silitaki safi."
Najichukia.

Jumapili, 18 Januari
Ukumbi ulijaa. Pale kwenye theluji walicheka hadi machozi. Gazeti limeniita mwandishi wa Kimarekani wa kufuatiliwa. Miaka yote ile ya kukataliwa, lo! Nyumbani, Mama kafungua kabati tena. Nimekula nimesimama, nisimtazame usoni.

Alhamisi, 22 Januari
Maonyesho yameongezwa wiki moja. Wenzangu vigelegele. Mimi nikahesabu siku. Eda inaisha kesho, na Mama kasema pa kwanza kwenda ni kwenye mchezo wa mwanawe. Nimejipalia makaa. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamwambia ukumbini kuna baridi, avae soksi nzito.

Jumamosi, 24 Januari
Mama kakaa safu ya mbele, baibui jipya. Koti lilipotokea aliinuka nusu, akakaa. Watu wakacheka palepale wanapocheka siku zote. Yeye mikono mapajani.
Kurudi, niliendesha gari mimi. Aliuliza jambo moja tu.
"Kumbe ukuta wetu mwembamba hivyo?"
 Nikaongeza joto la gari.

Jumapili, 25 Januari
Nimelirudisha koti. Watafute jingine. Fundi wa mavazi amekuwa akilifua baada ya kila onyesho. Ndiyo kazi yake, wala sikumkataza.
Mama kaweka uso kwenye kola. Kaitafuta harufu ya Baba.
"Sabuni," akasema.
Kalitundika. Kanimiminia chai, kanisogezea mahamri. Nimemwomba radhi. Kasema kula, yanapoa.
Tangu jioni natega sikio ukutani. Chumbani kwake kimya.