Mume Wangu Anauza Boti, Lakini Anamfukuza Kila Mnunuzi

Mpendwa Dada Dolphine, naomba unisaidie kabla sijafanya kitu ambacho sitaweza kukirudisha nyuma, na jina langu usilifiche, kwa sababu boti ya tanga yenye vitanda na jiko ndani iko moja tu hapa Mbita na kila mtu anajua ni ya nani.

Naitwa Bhoke, kwetu ni Suna, kule Migori, nashona yunifomu za shule hapa mjini, na mume wangu Obare ni fundi wa injini za boti, mzaliwa wa hapa hapa ziwani. Boti yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya bahari kuu. Mzungu mmoja mzee aliishi ndani yake akizunguka dunia, halafu akachoka na mawimbi, akailetesha huku kwa lori kutoka Mombasa, akaitia nanga karibu na kisiwa cha Takawiri, na Obare ndiye aliyekuwa akimtengenezea kila kitu, kwa hiyo mzee alipougua na kurudi kwao alituuzia sisi kwa bei ya kirafiki. Siku ya kuandikisha Obare alikuwa amelazwa na malaria, nikaenda mimi, ndiyo maana boti iko kwa jina langu, na hilo jina ndilo linalonitia majaribuni sasa.

Mwaka jana mama yangu akapooza upande mmoja. Anaishi peke yake huko Suna, kaka yangu Robi yuko na biashara zake Isebania, na siku moja jirani alimkuta mama ameanguka jikoni na moto unawaka. Tukakaa chini mimi na Obare, tukakubaliana tuuze boti tuhamie kwa mama, kuna nyumba ya nyuma haina mtu. Nilimuuliza Obare na nikamrudia tena, akasema sawa. Tulienda hata kumwona mama pamoja, na Robi akamtania, “Shemeji, ukihamia hapa utatusaidia kuchunga ng'ombe,” watu wakacheka, na Obare, mtu mzima kabisa, akaacha chakula akaenda kukaa kwenye gari. Mambo ya mila za ukweni mimi na yeye tuliachana nayo tulipobatizwa, kwa hiyo sikuona cha kununia.

Sasa sikia habari za wanunuzi. Wa kwanza alikuwa Jeff, kijana wa Kisumu anayebeba watalii, alikuja na miwani ya jua na simu mbili, Obare akampa kamba amfungie fundo ambalo halitaachia kwenye upepo, kijana akafunga, likaachia, Obare akamwambia, “Rudi ukishajua,” kama anasahihisha mtihani, na mimi nimesimama hapo na chai ya wageni. Wa pili alikuwa Okemwa, mwalimu mstaafu wa Kisii, pamoja na mke wake, na huyo mama alikuwa ameipenda boti mpaka anapima madirisha kwa mapazia. Obare akawaonyesha kila ubaya, kutu ya tangi, maji yanayopenya pale shafti inapotokea, godoro lililoliwa na panya, na hiyo mimi sikatai, mtu akiuza aseme ukweli, lakini kulikuwa na haja gani ya kumsimulia yule mama jinsi dhoruba ilivyoilaza boti ubavu mpaka mlingoti ukagusa maji? Aliomba jaketi la kuokolea na hakulivua mpaka alipofika kwenye gari lao.

Halafu akaja Motari, nikasema sasa Mungu ametuma mtu. Motari amefanya kazi kwenye meli Mombasa mpaka akastaafu, amejenga Homa Bay. Alifunga kila fundo aliloambiwa, akaingia kwenye injini na shati lake jeupe, wakapandisha tanga wakaenda mpaka sikuwaona tena, na waliporudi walikuwa wanacheka kama watu waliosoma darasa moja. Nikawaandalia samaki. Motari akanawa mikono, akasema, “Mzee, mimi nimemaliza kutafuta. Bei yenu nimeikubali, Jumatatu naja kuichukua.”

Obare akaangalia sahani. “Haiuzwi,” akasema.

“Baba Truphena, unasema nini?” nikamuuliza mume wangu mbele ya mgeni.

“Nimesema haiuzwi, nyar Suna. Nipe chumvi.”

Nyar Suna ni binti wa Suna, ndivyo anavyoniita akitaka nimuonee huruma. Siku hiyo sikumuonea. Tangu hapo nyumba ni baridi, nikiuliza anaenda kusugua boti, boti isiyouzwa na isiyoenda popote, na mimi nashona nikiwaza mama ameamkaje.

Sasa Motari amenipigia, amesema, “Mama, mkielewana nyumbani niambie tu.” Wiki ijayo Obare anaenda kazi Kisumu. Nataka nimwambie Motari tumeelewana, aje aichukue, Obare akirudi akute imeshaenda, alie, anyamaze, maisha yaendelee. Nimechoka, Dada Dolphine, nimechoka na boti, nimechoka na neno sawa. Nimuuzie?

Bhoke, Mbita

*

Bhoke, pole. Kupikia wanunuzi na kuwaona wakifukuzwa mmoja baada ya mwingine, huku mama ni mgonjwa, kunachosha mtu yeyote, na hasira yako ninaielewa. Pole yenyewe imeishia hapo, sasa nikugombeze.

Usimuuzie Motari wiki ijayo. Jina kwenye karatasi ni lako, lakini umenieleza mwenyewe lilifikaje pale. Ukimwambia Motari mmeelewana utakuwa umemdanganya mtu mzuri na kumwibia mume wako kwa simu moja, na ukienda kumuuguza mama utaenda bila ndoa. Hiyo biashara ni mbaya hata ikilipwa vizuri.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba habari za boti umeniandikia kwa kirefu, lakini mume aliyeacha chakula na kwenda kukaa kwenye gari umempita mbio. Ndiyo maana nilikupigia simu kabla ya kujibu. Nilikuuliza, “Mkihamia kwa mama, Obare ataoga wapi?” Ukasema bafu ni moja, la boma. “Na mama akiwa amekaa hapo uani?” Ukaniambia nyinyi ni watu wa kanisa. Bhoke, ubatizo haumwondolei mtu haya. Wewe ni Mkuria, umeona tangu utoto jinsi mkwe anavyompisha mama mkwe njiani, na Wajaluo wa mume wako nao ni hivyo hivyo. Halafu unamchukua mwanamume mwenye mvi unampeleka kulala nyuma ya nyumba ya mama mkwe, na kaka yako anamkaribisha kwa kazi ya ng'ombe.

Nikakutuma ukamuulize kuhusu Suna, boti usiitaje. Jana umenipigia, na majibu yake nayaandika hapa kwa ruhusa yako. Alisema, “Hapa mtu akiharibikiwa na injini anauliza Obare yuko wapi. Kule nitakuwa mume wa Bhoke, nimekaa nasubiri kuitwa kula. Hiyo boti ikienda, sina sababu nyingine ya kurudi huku.” Uliniambia ulikaa naye hapo ufukweni mpaka mkasikia njaa. Hapo ulifanya vizuri kuliko miezi yote ya kumsukuma.

Na wewe Obare, najua gazeti hili litakufikia. Ile sawa yako ilikuwa uongo. Ulimuona mke wako akipanda magari kwenda Migori na kurudi akiwa amechoka, ukashindwa kumwambia maneno machache, badala yake ukawafanyia vituko wageni waliosafiri kutoka mbali. Mke wa Okemwa unamdai nini? Ulipaswa kuona aibu.

Basi fanyeni hivi. Pangeni nyumba Migori mjini, nyumba ambayo Obare ndiye ataongea na mwenye ploti na funguo zitakuwa mfukoni mwake. Wewe uende kwa mama asubuhi na urudi kwako jioni. Robi atafute msichana wa kulala na mama, na Robi ndiye amlipe, maana mama ni wake pia, na kabla ya hilo amwombe shemeji yake msamaha ana kwa ana, si kwa simu. Kazi isiwatie hofu, Migori imejaa mashine za kusaga na pampu za maji zinazokufa kila wiki. Nyumba yenu ya Mbita msiiachie mtu, mtu akiwa na kwake pa kurudi hana haja ya kushikilia boti.

Boti iuzwe, na iuzwe kwa Motari, lakini Obare ampigie yeye mwenyewe, akiri kwamba alikosea. Wakikubaliana Obare awe anaenda Homa Bay kuiangalia injini, vizuri. Wasipokubaliana, iende hivyo hivyo. Wewe Bhoke siku hiyo kazi yako ni kutia sahihi na kunyamaza.

Limebaki moja, na hili hukuliandika kabisa. Umemuuliza mume, umeongea na Motari, umemwandikia Dolphine. Mama je? Mama wa Kikuria aliyepooza, anahitaji kushikwa akitembea na kusaidiwa kuoga, na binti yake amepanga mkwe aishi uani kwake ayaone hayo yote kila siku. Inawezekana amekuwa akiomba usiku na mchana boti isinunuliwe, na hakuna aliyemsikiliza kwa sababu maneno yake yanatoka polepole. Nenda kesho. Kaa chini karibu na kitanda, umuulize anataka nini, na usiinuke mpaka amalize kusema.