Tata, Leo Naongea Nawe Bila Redio

Tata,

Ungekuwa hai, baba mkwe, nisingethubutu kukuandikia. Kwenu Unyakyusa mke hamtazami baba wa mumewe, hamtaji jina, hasemi naye, wala hakai naye sebuleni. Mimi Mhehe wa Mlandege, Iringa, nilifundishwa hayo wiki ya kwanza ya ndoa, na tangu hapo niliijua miguu yako kuliko uso wako.

Unakumbuka ulipokuja kwetu Mwanjelwa, Mbeya, kutibiwa macho? Wewe sebuleni, mimi jikoni, pazia katikati. Siku ya pili ukaanza kuongea na redio.

"Wewe redio, mwambie huyo binti wa Kihehe mchicha wake ni wa wagonjwa. Mimi naumwa macho, siumwi tumbo."

Nilicheka, na nilikuwa sijacheka siku nyingi. Nikaliambia jiko, "Jiko, mwambie mzee mafuta nimeacha. Yanaziba kizazi."

Maneno hayo niliyaokota sokoni nikayashika kama amri. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimeinama mpaka mgongo unauma. Niliacha karanga, parachichi, samaki, kila chenye mafuta. Mwili ukaisha. Asubuhi nilikaa ukingoni mwa kitanda nimeshika kanga bila nguvu ya kuifunga. Mwanao alidhani nimemchoka. Nilikuwa nimejichoka mwenyewe, Tata, na sikuona faida ya kuamka.

Jibu la jiko ulilisikia. Kisha ukasema, "Redio, mwambie mwanangu kesho ampeleke mkewe hospitali. Asimpeleke kwa ajili ya mtoto. Ampeleke kwa ajili yake mwenyewe. Macho yangu yatasubiri."

Nesi wa lishe, mama wa Kisafwa mwenye mzaha, alinisikiliza mpaka nikalia. Hali yangu akaiita sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, akanipeleka kwa mshauri ambaye niliendelea kumwona. Kuhusu chakula alisema, "Nani kakudanganya? Hata ubongo unataka mafuta. Yale ya chipsi yanayorudiwarudiwa, hayo ndiyo uyaache. Parachichi, karanga na samaki, we kula. Sikuahidi mimba, dada, na sisemi samaki atakuondolea huzuni. Ila huzuni na njaa ukivibeba pamoja vitakushinda."

Uliporudi Tukuyu, basi likaanza kutuletea mfuko kila wiki: maparachichi ya shambani kwako, na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wamekauka vizuri. Hukutuma hata salamu. Nilikula, na kwa mshauri nikaenda. Sijui kipi kilinisaidia zaidi, lakini taratibu nikaanza kuamka na kufungua duka letu kabla mwanao hajanibembeleza. Mimba haikuja.

Uliporudi kuangaliwa macho, dada yako naye akaja, kudai mwanao aoe mwingine. Mimi nipo nyuma ya pazia, namenya vitunguu, nasubiri kusikia kama bado nina nyumba. Wewe ukaiongezea redio sauti kidogo, halafu ukaipunguza.

"Redio, mwambie dada yangu hivi. Mahari niliyopeleka Iringa nilimtolea mtu. Sikulitolea tumbo."

Shangazi aliondoka chai yake haijaguswa. Nilijiziba mdomo kwa kanga nisisikike nikilia. Nilikupenda sana siku ile, na sikuwa na njia ya kukuambia.

Siku hizi nikiulizwa watoto wangapi, nasema hatukujaliwa, naendelea kupima mchele wa mteja. Kuna siku bado nzito. Siku kama hiyo napika, nakula, namwambia mwanao kwamba leo ni nzito, naye anakaa karibu.

Mwezi uliopita tulikuzika. Watu walipopanga mstari wa kukuaga, dada yako alinishika mkono.

"Mkwe haangalii."

Mama, mkeo, alikuwa ameketi mkekani. Akainua kichwa. "Mwache amwone baba yake."

Nikakutazama, Tata, kwa mara ya kwanza. Paji pana la mume wangu, kidevu chake, hata lile sikio lililojikunja kwa juu. Miaka yote hii nimejiuliza mtoto wetu angefanana na nani.

Angefanana na wewe.

Ugonile, Tata, salamu yenu ambayo sikuwahi kukupa. Lala vizuri.

Mwanao,
wa Mlandege