Nani Aridhike?

Mpendwa mdogo wangu Zuhura,

Niwie radhi kwa ukimya wa mwaka mzima. Barua zako tatu kutoka Iringa zilinifikia, wala sikukosa wino au stempu. Niliona aibu.

Unaikumbuka asubuhi uliyoniletea karatasi ya mwenye duka hapa Mbeya. Mumeo alikuwa amefariki, unga na chumvi vilikuwa vimepanda bei, nawe ulitaka kukopa ili watoto wale. Niliisoma kwa kalamu nyekundu. Palipoandikwa "kitu zote" nikasahihisha "vitu vyote", nikatia nukta mbili tatu, nikakurudishia. Ukaitazama, ukasema, "Kaka, nimekuletea shida, nawe umenirudishia masahihisho." Nikakukaripia. Ukaenda kutia dole gumba. Ulilipa kila mwezi na deni halikuisha, mpaka mwenye duka akakichukua cherehani chako, nawe ukapanda lori kwenda kwa shangazi.

Ulipokwisha kuondoka ndipo nilipoisoma sentensi ya mwisho ya karatasi uliyoiacha, kama mtu anayedaiwa: "Mkopaji atalipa kila mwezi mpaka aridhike." Haikuwa na kosa la sarufi, ndiyo maana niliipita.

Nikaanza kuzunguka. Sokoni Mwanjelwa nilikuta wanawake wenye karatasi hiyo hiyo, na mchimba dhahabu wa Chunya aliyenyang'anywa sururu yake. Tuliandika ombi, tukalipeleka barazani. Tulirudishwa mara mbili. Jumatatu iliyopita tulisikilizwa.

Nilimwuliza mwenye duka, "Katika sentensi hii, nani aridhike?"

"Mimi, Mwalimu! Nani mwingine?"

"Wewe hutajwi humu. Anayetajwa ni mkopaji tu."

Hapo mama mmoja muuza viazi akasimama, karatasi yake mkononi. "Kumbe ni mimi! Basi mimi niliridhika tangu mwaka juzi, baba. Nirudishie mbuzi wangu!"

Baraza zima likaangua kicheko. Hata karani aliweka kalamu chini. Mwenye duka akaninong'oneza, "Mwalimu, umenimaliza kwa herufi moja." Nikamjibu kwamba herufi hiyo, ile "a" ya "aridhike", aliiandika yeye.

Zuhura, tumeshinda! Baraza limeamua kwamba tangu sasa, karatasi ya mkopo isiyotaja bei ya kitu na siku ya mwisho ya kulipa haitatambuliwa hapa. Kila karatasi itasomwa kwa sauti mbele ya shahidi kabla ya mtu kutia dole gumba. Chombo cha kazi hakitachukuliwa kwa deni, kiwe jembe, sururu au cherehani. Chako nimekabidhiwa mwenyewe. Nimekipaka mafuta, nimekifunga kwa magunia, na kesho kitapakiwa kwenye lori litakalopitia Igawa kuja huko Iringa. Sindano nimezificha ndani ya droo.

Nimefundisha sarufi tangu ujana wangu, na kila mara nilidhani kazi yangu ni kuona kosa. Wewe, usiyemaliza darasa la nne, uliona shida. Ulikuwa na haki siku ile, nami sikuwa nayo. Nayaandika haya kwa wino mweusi.

Limebaki jambo moja. Tumeomba amri hii ifike Iringa pia, na kila duka libandike mlangoni bei ya unga, chumvi na mafuta ya taa. Shauri liko mezani kwa Mkuu wa Jimbo. Usikope popote kabla ya jibu. Atakapoamua, vyovyote atakavyoamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Wasalimu watoto na shangazi.

Ni mimi, kaka yako aliyekukaripia bure.