Askari wa Kambale wamerudi nyuma

Siku ya ine, mangaribi

Mbele, huu muchezo wa vita kwenye simu ulinichosha: unasogeza askari, kisha unangoja mwenzako asogeze wake. Mudogo wangu Kambale ndiye alinifundisha, akaenda kuishi mji wa Kiwanja, tukaendelea kucheza kwa simu. Sasa naupenda, hata nikipika nawaza zamu yangu.

Tangu Siku ya Mungu, siku ine sasa, hapokei simu. Leo muchezo umeniita: Kambale amecheza.

“Basi mutoto iko muzima,” mama amesema, akashukuru Mungu.

Nimefungua muchezo. Kambale hajawahi kurudisha askari nyuma. Leo amewarudisha wote, kama mutu anayejifunza.

Nimepiga. Mutu amepokea, amepumua, amekata.

Nimesogeza askari mumoja tu. Nataka huyo mwenye kushika simu ya Kambale aendelee kucheza, nisimupoteze.