Doa la Dada Minza

Jumatatu, 4 Agosti 1952

Chupa kumi na moja leo. Saba za wagonjwa wa akili, nne za wazima: wauguzi wawili, karani na mpishi wa hospitali. Nimedondoshea mkojo kwenye karatasi na kuzitundika sandukuni. Kesho nitazipulizia dawa, tuone kama kuna doa la rangi. Wenzangu wananiita Bwana Mikojo. Waniite tu, mshahara ni ule ule.

Daktari anaamini ugonjwa huu una alama mwilini, kama malaria ilivyo na vijidudu vyake kwenye damu. Namwamini. Chupa moja ni ya dada yangu Minza, anayetibiwa huku akikaa kwangu. Wakwe zake wanasema ni mchawi, uchawi umemgeukia. Mumewe, mchimba dhahabu wa Geita, alimrudisha kwetu na kitenge kimoja. Doa likionekana, nitawapelekea karatasi hiyo mimi mwenyewe.

Jumanne, 5 Agosti

Doa la zambarau. Wagonjwa wote saba! Wazima hawana kitu. Daktari alitembea huku na huku akicheka peke yake. Nilimpenda siku ya leo, yule Mzungu.

Ijumaa, 8 Agosti

Wote wenye doa watapelekwa Dodoma, hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili, wachunguzwe zaidi. Wanapanda treni tarehe 21. Niliuliza watarudi lini. Daktari alisema hajui.

Minza ndiye aliyenilea. Alinibeba mgongoni mpaka watu wakamcheka kwamba amezaa kabla ya kuolewa. Kule hakuna mtu hata mmoja wa kusema naye Kisukuma. Sitaki aende. Na doa nimelitafuta mimi, kwa mikono yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Shangazi aliyekuwa akikaa nasi amerudi kijijini kuuza pamba. Ndiye aliyekuwa akimchemshia Minza mizizi ya mganga wa upande wa Geita. Hospitali inatukataza dawa hizo, nami nilijifanya sioni. Sasa Minza hanywi. Kwetu mgonjwa hanywi peke yake. Mtu wa nyumbani huanza, na siku zote alianza shangazi. Mke wangu, Mama Kulwa, ananyonyesha, hawezi. Nikanywa mimi, msomi mzima. Chungu ajabu. Minza aliniona nilivyokunja uso akacheka, mara ya kwanza tangu masika. Kwa kicheko kile ningekunywa ndoo.

Jumanne, 12 Agosti

Leo tunarudia vipimo, na karani yuko likizo. Nimejaza chupa yangu badala yake. Daktari anataka wazima wanne, si watatu.

Jumatano, 13 Agosti

Karatasi yangu ina doa.

Nimeketi. Nimesikiliza kama nami nasikia sauti, kama Minza na wenzake. Nimesikia jogoo wa mpishi tu. Nimerudia kipimo, doa likaja tena. Karatasi nimeificha mfukoni. Mama Kulwa aliniuliza kwa nini sili. Nimemjibu vibaya, najuta.

Alhamisi, 14 Agosti

Mjinga mimi. Ni mizizi!

Nimepita wodini kuuliza ndugu wa wagonjwa, mmoja mmoja. Wote saba walipitishwa kwa mganga kabla ya kuja kwetu, na ndugu bado wanawaletea dawa ndani ya vibuyu vya uji. Wauguzi, karani na mpishi ni watu wa mjini, hawajui hata ladha yake. Nimeomba mkojo wa mama mmoja mzee anayemwanzia mwanawe kunywa. Mzima kabisa, ana maneno makali kunishinda.

Ijumaa, 15 Agosti

Mama yule ana doa.

Nikisema, kazi yangu iko hatarini, na furaha ya Daktari itaisha. Nikinyamaza, Minza anapanda treni. Nimesema. Nilitoa karatasi yangu mfukoni nikaiweka mezani.

Aliniuliza, "Ulikunywa?"

"Nilikunywa."

Aliitazama muda mrefu. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema mimi na Minza tuache mizizi siku nne, tupime tena.

Jumatano, 20 Agosti

Karatasi zetu zote mbili ni nyeupe. Daktari amefuta orodha ya treni, majina yote saba. Minza habebwi kwenda kokote.

Lakini asubuhi hii hii alikuwa uani akibishana na ukuta. Bado anaumwa, na karatasi yake ni nyeupe kama yangu. Sina cha kuwapelekea wakwe zake. Nimefurahi na nimeumia, vyote pamoja.

Jumapili, 24 Agosti

Daktari alikuja nyumbani kwa miguu, bila mkoba. Mama Kulwa alimpa kigoda. Minza alikuwa akichagua mchele. Daktari akaniomba nimwulize kwa Kisukuma: hizo sauti zinamwambia nini.

Mwaka mzima nimebeba chupa za dada, na swali hilo sikuwahi kumwuliza. Nikauliza.

Minza hakuinua macho. Alisema ni sauti ya mama, inamwita akale.

Daktari akataka kujua mama amepika nini. Minza alifikiri. Majani ya kunde, akasema, na karanga nyingi. Na mama anauliza, yule mdogo amekula?

Mama alikufa mimi nikiwa wa kunyonya. Simkumbuki hata kidogo. Nilisogeza mkeka wangu karibu na ungo, nikamwomba dada aendelee.