Napiga Simu Nisikie Sauti ya Binti Yangu Aliye Chumba cha Pili

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada, na ukiweza unijibu kabla ya Jumamosi, uniwie radhi kwa mwandiko, shule niliishia darasa la nne na mkono huu umezoea pasi kuliko kalamu.

Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi nguo za watu hapa hapa nyumbani, na mtoto ninaye mmoja, binti, tangu mdogo tukimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hafungi mdomo, alikuwa akipanda juu ya ndoo anawahubiria wanawake waliofuata nguo zao kwamba yeye akiwa mkubwa nguo zitajifua zenyewe, magari yatapita juu ya mapaa, na kila nyumba itakuwa na sanduku linaloongea kama mtu ili mama asiwe mpweke, wakamwuliza, "Na kupika litapika?" akajibu, "Litapika, ila chumvi litaomba kwa jirani," tukacheka mpaka machozi, laiti tungejua. Magari bado yanapita chini, nguo nafua mimi, mgongo huu hapa shahidi, lakini hilo sanduku limekuja.

Chiriku alipata kazi ya kupokea simu kwenye kampuni ya maji, watu wakaipenda sauti yake, mwaka jana bosi akamwambia kila asubuhi aingie kachumba kenye magodoro ukutani asome maneno, namba, siku za wiki, pole, samahani, asante, wiki sita nzima, nami kila alfajiri namchemshia maji ya asali koo lisikwaruze, nikijua mwanangu anapanda cheo, kumbe mashine inafundishwa kusema kama yeye, ilipojua wakawaachisha kazi wapokea simu wote kumi na mmoja, akarudi kwangu na begi moja. Alikuwa bado anaongea kidogo, mpaka siku aliyokwenda kununua sabuni, muuza duka akapaza sauti, "Ee! Si wewe yule wa maji? Hebu tuambie, bonyeza mbili!" watu wakaangua kicheko, tangu siku hiyo ni ndiyo na hapana tu, mwezi wa pili huu.

Sasa kosa langu. Bomba letu lilipasuka, nikapiga simu kampuni, nikamsikia mwanangu, "Karibu mpendwa mteja, nikusaidie nini?" ile sauti ya zamani yenye kicheko ndani yake, nikaduwaa mpaka nikaunguza kola ya shati la mwalimu. Bomba lilitengenezwa lakini mimi nikaendelea kupiga, kila siku, huku pasi huku simu, na mwenyewe yuko chumba cha pili amelala kifudifudi. Juzi nikaiambia ile simu, "Mwanangu, umekula?" ikasema, "Samahani, sijakuelewa, tafadhali rudia," nami mjinga nikarudia, kugeuka namwona Chiriku mlangoni na beseni mkononi. Akasema, "Naona mnaelewana, mama. Basi mimi Jumamosi naenda kwa shangazi." Shangazi yake anaishi safari ya siku mbili, na mtoto akiondoka na moyo ule naona hatarudi. Nimzuie? Nifiche begi?

Mama Chiriku

JIBU

Mama Chiriku, pole sana, na pole hiyo uishike vizuri maana yanayofuata si matamu.

Sauti hukuiuza wewe. Asali uliichemsha kwa mapenzi, aliyejua inakwenda wapi ni bosi. Hilo litue. Lakini la simu ni lako. Umekuwa ukimkimbilia yule asiyenuna, asiyelia, asiyekutia hofu, ukamwacha uliyemzaa amelala hatua nne kutoka kwenye pasi yako. "Umekula?" umekwenda kuiuliza mashine! Halafu unashangaa mtoto anaaga?

Mwanao si bubu. Kila akifungua mdomo anamsikia yule wa kwenye simu. Alikuja kwako kujificha, akakuta yule ameshafika kabla yake. Wala usitegemee nikudanganye kwamba yatarudi. Ile sauti ya kicheko huenda usiisikie tena, na kampuni hairudishi ilichochukua. Uliyebaki naye ni huyu wa ndiyo na hapana. Mpende huyu.

Leo, si kesho, futa namba hiyo. Bomba likipasuka tena, nenda ofisini kwao kwa miguu ukagombe dirishani. Kisha ingia chumbani kwake, keti chini, mwambie, "Nilikuwa na hamu nawe, nikakutafuta mahali usipokuwepo." Basi, usiongeze. Usimlilie, maana akianza kukubembeleza wewe, yake atayameza tena. Na usimwulize kwa nini haongei, unajua kwa nini.

Begi usiliguse ila kwa kumsaidia kupanga nguo. Huyo ni mtu mzima. Ukimfungia mlango utakuwa umemnyang'anya hata hicho kidogo alichobakiwa nacho, kuamua. Mwambie shangazi yake mapema, asimtanie kuhusu sauti hata kwa mapenzi. Jumamosi msindikize mpaka kituoni.

Akishafika, mpigie yeye. Asipopokea, piga kesho yake, na kesho kutwa. Na siku atakayopokea akanyamaza, nyamaza naye, msikilize anavyopumua, na simu hiyo usiikate wewe.